Kuendesha baiskeli na mtoto kando ya Mto Danube

Kutoka Passau, Ujerumani, hadi Vienna, Austria, kuna njia ya baiskeli ya zaidi ya kilomita 300 kando ya Mto Danube. Sehemu kubwa ni tambarare, ina lami na haipitishi magari. Vipande vingi vilikuwa njia za farasi waliovuta mashua kwenda juu ya mto.

Inamfaaje mtoto?
Shirika la Afya Duniani (WHO) linashauri watoto wa miaka 5 hadi 17 wafanye mazoezi kwa wastani wa dakika 60 kila siku. Njia isiyo na milima wala magari hurahisisha hilo.

Mambo ya kuzingatia
• Mvalishe kofia ngumu. Nchini Austria ni sheria kwa watoto wa chini ya miaka 12, hata wanaobebwa.
• Usimbebe mtoto mchanga kwa baiskeli kabla shingo haijakaza na hajaweza kukaa mwenyewe.
• Anayebebwa hupoa haraka kwa sababu hatumii nguvu. Wewe ukitokwa jasho, yeye huenda anahisi baridi. Mpapase kifua au mgongo.
• Sehemu kubwa haina magari, lakini mto upo. Mkipumzika, mshike mkono.