Kuumbiza Seli

Mwambie katibu muhtasi afomati jedwali, na huenda akakutazama mara mbili. Kwa mafundi wa simu na kompyuta, kufomati ni kufuta: flashi ikishika virusi inafomatiwa, simu iliyosahauliwa namba ya siri inafomatiwa, na picha zote za harusi zinakwenda na maji. Hapo ndipo kitenzi kuumbiza kinapofaa. Kimetokana na -umba, shina lililotupa umbo na umbile. Maneno hubaki yaleyale. Kinachobadilika ni sura yake.

Kinachoumbizwa ni seli, yaani chumba kimoja cha jedwali, pale safu mlalo inapokutana na safu wima. Ukoo wa neno hili ni mrefu. Cella ya Kilatini ni chumba kidogo. Mwaka 1665 Mwingereza Robert Hooke aliita hivyo vijumba alivyoviona kwa hadubini ndani ya kizibo, na biolojia ikalichukua. Selo ya polisi ni ndugu yake. Wapo wanaopendelea kisanduku, na kwa kweli kinaeleweka haraka, ila kisanduku kimekwishapewa kazi nyingine: ndicho kinachotiwa alama ya vema kwenye fomu. Safu nayo, ikiachwa peke yake, haisemi kama imelala au imesimama.

Maamuzi ya aina hii yaliwakabili wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walioshiriki kuleta Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili, mwaka 2004.

Chukua ratiba ya vipindi ya shule. Siku tano zinashuka upande wa kushoto, saa zinapita juu, na katikati kuna mapumziko, ambayo ni yaleyale kila siku. Kuyaandika mara tano kunachosha macho. Mwandalizi huteua seli tano za safu wima hiyo, akaziunganisha ziwe moja, akaandika MAPUMZIKO, kisha akageuza mwelekeo wa maandishi yasimame wima. Safu wima inabaki nyembamba, na Hisabati na Sayansi zinapata nafasi ya kupumua.

Baada ya hapo ni mpangilio. Word hutoa nafasi tisa za kuweka maandishi ndani ya seli: juu, kati na chini, kila moja kushoto, katikati au kulia. Wengi hawazigusi, hubonyeza kitufe cha nafasi mpaka neno lifike wanakotaka, na wakibadilisha ukubwa wa herufi kila kitu kinahama. Kosa la pili ni kuweka kimo cha safu mlalo kiwe kamili badala ya angalau. Jina refu la somo likishuka mstari wa pili, linakatwa, na msomaji anaona vichwa vya herufi tu.

Kuunganisha nako kuna gharama. Word hukusanya maandishi yote ya seli zilizounganishwa. Excel hubakiza ya seli ya kwanza, juu kushoto, na mengine huyatupa. Tena programu zinazowasomea wasioona hupotea njia seli zikiunganishwa ovyo, maana haijulikani tena kipindi kiko chini ya saa ipi. Kwa ratiba ya kubandikwa ukutani, unganisha. Kwa orodha ya alama itakayotumwa kwa barua pepe na kupangwa upya, ziache seli kila moja na mipaka yake.