Besiboli Ilivyopata Maandishi Yake

Daftari la klabu ya Knickerbocker ya New York, lililoanza kujazwa mwaka 1845, lilisema machache. Kila mchezaji aliandikiwa mambo mawili tu: ametolewa mara ngapi, na amepata pointi ngapi. Aliyemtoa ni nani, na kwa njia gani, hayakuandikwa.

Henry Chadwick hakuridhika na hesabu hiyo. Alizaliwa Exeter, Uingereza, mwaka 1824, akahamia Brooklyn na familia yake angali mtoto, akawa mwandishi wa habari za kriketi. Makarani wa kriketi walikuwa wamezoea kuandika nani kamtoa nani, na Chadwick alipogeukia besiboli katika miaka ya 1850 alikuja na mazoea hayo. Alitaka kila sifa na kila lawama iwe na mwenyewe.

Katika miongozo aliyoihariri kuanzia 1860, vituo vitatu vilipewa A, B na C. F ilikuwa mpira uliodakwa hewani, D uliodakwa baada ya kudunda mara moja, L uliotoka nje ya mstari. LD basi ni mpira wa nje uliodunda ukadakwa. Herufi kadhaa alizitoa mwishoni mwa neno la Kiingereza badala ya mwanzoni: D ya bound, L ya foul, na K ya struck, yaani mpigaji aliyetolewa kwa mipigo mitatu.

Sheria zikaanza kuzila alama hizo. Kuanzia msimu wa 1865, kudaka mpira halali uliokwisha kudunda hakukumtoa tena mpigaji, na D ikapungukiwa kazi. K imedumu. Siku hizi wengi huiandika kinyumenyume pale mpigaji aliposimama tu akiutazama mpira wa mwisho ukipita.

Namba zina historia yake. Chadwick aliwapa wachezaji namba kwa zamu yao ya kupiga, kwa hiyo msomaji asiye na orodha ya siku hiyo alipotea. Baadaye namba ilifungwa kwenye nafasi ya uwanjani: 1 mrushaji, 2 mdakaji aliye nyuma ya mpigaji, 3, 4 na 5 walinzi wa vituo, 7, 8 na 9 walinzi wa mbali, kushoto, katikati na kulia. Namba 6 huwasumbua wanaoanza, maana mwenye nayo husimama kati ya 4 na 5.

Ukiona 6-4-3, mpira wa chini ulimfikia 6. Akamrushia 4, aliyekanyaga kituo cha pili na kumtoa mkimbiaji. Naye akamrushia 3 kabla mpigaji hajafika kituo cha kwanza. Wawili wametoka. E6 ni nzito zaidi: mwandishi ameamua kwamba 6 amekosea, na mpigaji hapati sifa ya pigo. Uamuzi huo huzua ubishi hadi leo. Phil Rizzuto, mchezaji wa zamani aliyekuwa mtangazaji, alijiongezea alama yake, WW, kwa matukio yaliyompita akiwa hatazami.

Tangu 1989, shirika la Retrosheet, lililoanzishwa na David Smith, hukusanya karatasi za zamani za klabu, waandishi na mashabiki, na kuingiza kwenye kompyuta mechi zilizochezwa miongo mingi iliyopita, tukio kwa tukio.