Hofu ya Msitu: Kutoka kwa Fumo Liyongo hadi Ngezi

Lugha yetu haikufanya ubahili katika maneno ya hofu. Upo woga, upo wahka, ipo fadhaa, kipo kihoro, na lipo jakamoyo, ambalo ni la yule ambaye moyo wake hautulii ingawa hakuna anayemfukuza. Lakini neno litumikalo zaidi ni wasiwasi, nalo tulilipokea kutoka katika Kiarabu, ambako asili yake ni mnong'ono: sauti ndogo isemayo kifuani bila ya msemaji kujulikana. Anayetaka kuijua maana hiyo kwa mwili wake, si kwa kamusi tu, na aingie msituni peke yake. Haitapita robo saa ila atausikia mnong'ono huo, na hatajua unatoka mitini au unatoka ndani yake.

Makala haya yanaitazama hofu hiyo kwa jicho la historia. Nadai kwamba woga umpatao mtu wa pwani anapokanyaga majani makavu chini ya miti mikubwa si wake peke yake. Amerithishwa. Na kama woga una historia, basi na njia za kuutuliza nazo zina historia yake, na huenda wazee wetu walizijua zaidi kuliko sisi.

Tuanze na lugha. Watu wa mwambao ni watu wa bahari na mawe. Wazee wetu walisafiri kwa pepo za kaskazi na kusi wakiwa na ubao mmoja tu baina yao na kilindi, wala hawakuona kuwa hilo ni jambo la ajabu. Lakini nyuma ya mji, pale mashamba yalipokoma, ulianza ulimwengu mwingine. Tazama neno "mwitu" linavyotumika: nguruwe mwitu, paka mwitu, mbwa mwitu. Kila kilichopewa sifa hiyo kimetolewa nje ya mji, kimeambiwa kuwa si chetu. Mji ulikuwa na kuta, msikiti, kisima na makaburi ya wazee. Msitu ulikuwa na yale ambayo mji uliyafukuza.

Na miongoni mwa waliofukuzwa na mji alikuwamo mshairi wetu mkubwa. Wasomaji wa jarida hili hawahitaji kusimuliwa upya habari za Fumo Liyongo. Wataalamu wanatofautiana kuhusu karne aliyoishi, lakini visa vyake vilihifadhiwa katika masimulizi, na mwaka 1913 Muhamadi Kijuma wa Lamu akavitia katika utenzi unaosomwa hadi leo. Aghalabu tunamsoma Liyongo kama shujaa wa nguvu na mshairi wa gungu. Napendekeza tumsome pia kama mtu aliyejua kukaa msituni.

Kumbuka kisa cha makoma. Mfalme wa Pate aliwatuma Wasanye na Wadahalo, watu wa mwituni, wamuue. Wakafanya naye kikoa: kila siku mmoja apande mkoma na kuwaangulia wenziwe, na siku ya zamu ya Liyongo, akiwa juu ya mti, wampige mishale. Zamu yake ilipofika Liyongo hakupanda. Alichukua upinde, akayaangusha makoma kwa mishale akiwa amesimama chini. Hapa hakuna nguvu za ajabu. Kuna utulivu wa mtu ambaye hofu haikumzuia kuona. Alijua mahali gani pa hatari na mahali gani si pa hatari, akachagua.

Sasa kiweke kisa hicho kando ya kifo chake. Baada ya kuchomwa sindano ya shaba na mwanawe wa kumzaa, Liyongo alikwenda karibu na kisima, akapiga goti, akatia mshale katika upinde, na roho ikamtoka akiwa katika hali hiyo. Kwa siku kadhaa watu wa mji hawakuthubutu kuteka maji. Walikuwa na kiu, kisima kilikuwa mbele yao, na kilichowazuia kilikuwa ni maiti. Ilibidi aitwe mamaye, aje amsemeze na kumbembeleza, mpaka mwili ulipoanguka na watu wakajua kuwa kilichowatisha kilikuwa kimekwisha zamani.

Sijui taswira bora ya wasiwasi kuliko hiyo. Mtu aliye na jakamoyo hutishwa na kitu chenye umbo la hatari. Moyo humwenda mbio, pumzi humkatika, jasho baridi humtoka, mwili mzima ukijiandaa kwa mshale ambao hautarushwa. Na tazama aliyelitatua tatizo: si askari, bali ni mama aliyeisogelea hofu polepole huku akisema nayo kwa upole. Jambo hilo tutalirejea.

Ni kweli pia kwamba kwa wengine msitu ulikuwa salama kuliko mji. Katika miaka ya 1860 Ahmed bin Fumo Luti wa ukoo wa Nabahani, aliyeitwa Simba, alishindwa na nguvu za Mabusaidi kule Pate, akajenga makao mapya bara, Witu, mahali ambapo jina lake lenyewe ni la mwitu. Huko walikimbilia watoro, watumwa waliozikimbia shamba za mwambao. Kwa bwana wa shamba, giza la miti lilikuwa tisho. Kwa mtoro lilikuwa ni blanketi. Majeshi ya Uingereza yaliuchoma mji wa Witu mwezi wa Oktoba 1890, lakini funzo lake halikuungua: msitu hauna hofu ya asili. Hofu inategemea nani anayeingia, na anamkimbia nani.

Visiwani mambo yalikwenda kwa namna nyingine. Hapa msitu haukuzungushiwa ukuta, ulikatwa. Tangu Sayyid Said bin Sultan alipohimiza kilimo cha karafuu katika miaka ya 1830, miti ya asili ilianza kuipisha mikarafuu, na aliyeikata alikuwa mtumwa. Mwezi wa Aprili 1872 kimbunga kikubwa kiliangamiza sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja na kuinusuru ile ya Pemba kwa kiasi kikubwa, na tangu hapo Pemba ndiyo iliyobeba karafuu nyingi za Zanzibar. Vilima vyake vikavishwa mikarafuu. Leo tukikiita Pemba kisiwa cha kijani, kijani hicho kwa sehemu kubwa ni cha kupandwa. Msitu wa asili ulibaki vipande vipande, na kipande kikubwa kuliko vyote ni Ngezi, kaskazini-magharibi, njiani kuelekea Ras Kigomasha.

Msitu ulipungua, lakini hofu haikupungua. Nadhani iliongezeka, kwani kila kilichofukuzwa mashambani kilihamia katika vile vipande vilivyobaki. Unguja kulikuwa na chui wake wa pekee, mdogo kuliko wa bara, na watu waliamini kuwa wako wachawi wanaowafuga na kuwatuma. Baada ya Mapinduzi ya 1964 chui hao walisakwa kwa kampeni iliyowalenga wao na waliodhaniwa kuwa ni wafugaji wao pamoja, na leo wataalamu wengi wanamhesabu mnyama huyo kuwa ametoweka. Tuliua mnyama kwa sababu ya mnong'ono. Pemba haikuwa na chui, lakini ilipewa sifa ya uganga na mashetani hadi ng'ambo ya bahari, na Ngezi, kwa miti yake mirefu na mizimu iliyomo, ikawa mahali ambapo mtoto hutishiwa napo.

Wenzetu wa bara waliipa hofu hiyo adabu. Kaya za Wamijikenda, ambazo baadhi yake ziliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2008, ni misitu iliyohifadhiwa kwa sababu inaogopwa kwa taratibu. Haiingiwi ovyo. Wapo wazee wenye dhamana, ipo njia ya kupita, yapo mavazi, na yapo yasiyofanywa: hakatwi mti, hapigwi kelele. Mgeni hatakiwi kuwa jasiri, anatakiwa kuwa na heshima. Naona katika taratibu hizo hekima ambayo mwenye jakamoyo ataitambua mara moja. Hofu iliyopewa la kufanya hutulia. Hofu iliyoachwa bila ya kazi ndiyo inayogeuka kuwa wasiwasi.

Nayasema haya si kwa kusoma tu. Kwa miaka kadhaa nilikuwa mtu wa jakamoyo. Ilinijia sokoni, ilinijia safuni msikitini, ilinijia usiku. Daktari aliniambia mengi ya manufaa, na mwenye hali kama yangu namuusia asiache kumwona daktari. Mimi niliongeza dawa moja ya kwangu: kutembea. Na baada ya kutembea mashambani niliazimia kupita Ngezi peke yangu, kwa ile barabara inayoukatiza msitu kutokea upande wa Konde.

Siku ya kwanza nilirudi. Nilijiandikisha kwa walinzi langoni, nikaingia, na kivuli kikanifunika kama mlango uliofungwa nyuma yangu. Joto la nje likakatika. Kisha nikasikia ngurumo, ndogo, nzito, isiyokoma, mbele yangu kwa mbali. Moyo ulinipanda kooni. Nikageuka, nikatoka kwa mwendo ambao sikutaka walinzi wauone. Wahenga walisema kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio, na siku hiyo nilijiliwaza kwa methali hiyo. Lakini usiku nilikumbuka nyingine: heri kufa macho kuliko kufa moyo.

Siku ya pili nilikwenda na adabu. Nilimwambia mtu wa nyumbani njia nitakayopita na saa nitakayorudi. Nilichukua maji, nilivaa viatu vya kufunika kidole, niliingia asubuhi ili nisikimbizane na jua. Langoni nilipiga hodi kimoyomoyo, na sioni haya kulisema. Na hofu ilipokuja, kwani ilikuja, sikuikimbia wala sikupigana nayo. Nilisimama. Nilivuta pumzi kwa hesabu ya nne na kuitoa kwa hesabu ya sita, kwani pumzi inayotoka taratibu huuambia moyo upunguze mwendo. Nilikwisha kufundishwa kuwa wimbi la hofu kali aghalabu hupanda hadi kilele chake katika dakika kama 10 kisha hushuka, hata usipofanya lolote. Basi nikangoja kama anavyongoja nahodha.

Na wakati wa kungoja nilianza kuvitaja vilivyo mbele yangu, kimoja kimoja. Mpapindi, mnazi wa mwituni ambao asili yake ni Pemba. Mizizi iliyotambaa juu ya ardhi kama kamba za jahazi. Juu, kima punju, ambao hawakuwa wenyeji wa hapa bali waliletwa kutoka Unguja katika miaka ya 1970, nao wananitazama kama mgeni amtazamavyo mgeni. Nikamkumbuka bundi mdogo wa Pemba asiyepatikana popote pengine duniani, ambaye wataalamu walimwandika kwa jina lake mwaka 1937 lakini wazee walimsikia karne nyingi kabla. Tumezoea kusema bundi ni uchuro. Huyu analia jioni kwa sababu ni jioni. Nikamkumbuka na popo wa Pemba, ambaye mbawa zake zikinyooshwa hufikia kiasi cha mita moja na nusu. Mwishoni mwa miaka ya 1980 walibaki wachache mno, lakini wanakijiji wa sehemu mbalimbali wakajifunga kuwalinda, na sasa wanahesabika kwa maelfu. Popo hao hula matunda na kuzitawanya mbegu. Kivuli kilichonitisha siku ya kwanza kwa sehemu ni kazi yao.

Hivyo ndivyo alivyofanya mama wa Liyongo: alisogea, akasema na umbo lililowatisha watu. Kila nilichokitaja kwa jina kilitoka katika mnong'ono kikawa kitu. Hofu haikuisha, lakini ilipata mipaka, na mtu huweza kutembea kando ya kitu chenye mipaka.

Nilifika mwisho wa msitu kabla ya adhuhuri. Ile ngurumo ilikuwa ikizidi kila hatua, na safari hii niliifuata badala ya kuikimbia. Miti ikapungua, mchanga ukaanza kuonekana, mwanga ukanipiga usoni. Mbele yangu ilikuwa bahari, na pwani yake ni ile ambayo wazee waliipa jina la Vumawimbi.

Jina nilikuwa nalijua tangu utotoni. Lingenitosha kunieleza ni kitu gani kilichokuwa kikivuma, lau ningelisikiliza.