Go (kitenzi cha Kiingereza), tafsiri yake kwa Kirusi

Kitenzi go hakina kisawe kimoja katika Kirusi. Mfasiri lazima kwanza ajue kama mwendaji anatembea au amepanda chombo, na kama anaelekea upande mmoja au huenda na kurudi. Kwa miguu, mwendo wa upande mmoja ni idti (идти), wa mazoea au wa kwenda na kurudi ni khodit (ходить). Kwa chombo ni yekhat (ехать) na yezdit (ездить). Mtego mkubwa umo katika sentensi fupi kama "alikwenda Moscow". Yezdil ni kwamba alikwenda akarudi. Poyekhal, kwamba aliondoka na pengine yuko huko bado. Aliyekwenda akiwa mwanamke, kitenzi huongezwa a mwishoni: yezdila. Kiingereza, sawa na Kiswahili, hakidai hilo. Viambishi awali navyo hubadili maana: uyti ni kuondoka, voyti kuingia.

Kinachopendeza zaidi ni idti nje ya safari. Mvua inaponyesha, Mrusi husema "mvua inakwenda" kwa kitenzi hichohicho cha miguu, idyot dozhd. Saa nayo hivyo, filamu inayoonyeshwa sinemani, hata nguo iliyompendeza mtu. Basi pia mara nyingi huchukua idti, ilhali abiria aliyemo huchukua yekhat.