Ukuta Unaosoma, Ukuta Unaosomwa: Hekalu la Thanjavur katika Picha za Linnaeus Tripe

Picha za mwanzo za majengo ya kale ya Bara Hindi hutumiwa mara nyingi kama ushahidi tu, mithili ya dirisha la kulitazamia jengo. Makala haya yanashikilia kwamba picha hizo ni matini, nazo zina msimulizi.

Hekalu la Brihadisvara, mjini Thanjavur, lilikamilishwa yapata mwaka 1010 kwa amri ya Rajaraja wa Kwanza, mfalme wa Chola. Mnara wake wa itale unapita mita 60. Mnamo 1858 Kapteni Linnaeus Tripe, mpiga picha wa serikali ya Madras, alilipiga picha kwa negativu za karatasi iliyotiwa nta. Kampuni ya Uingereza ya India Mashariki ilikuwa imeitwaa Thanjavur mwaka 1855, naye Tripe alikuwa afisa wa jeshi la Kampuni hiyo hiyo. Katika picha zake watu ni nadra. Mbingu nazo, ambazo kemikali za wakati ule hazikuweza kuzinasa sawasawa, alizirekebisha kwa kupaka rangi kwenye negativu. Anayedai kwamba kamera haisemi uwongo na aanzie hapo.

Hata hivyo, kazi yake iliyo nzito zaidi ni ile ya maandishi. Kitako cha mnara kimezungukwa na maandishi ya Kitamil yaliyochongwa katika jiwe. Tripe aliyafuata hatua kwa hatua, kisha picha 21 zikaunganishwa kuwa mkanda mmoja wenye urefu unaokaribia mita 6. Hapa mpiga picha hachagui tena mandhari. Maandishi ndiyo yanayomwamuru pa kusimama. Mhakiki asiyejua Kitamil huusifu mkanda huu kwa ustadi wa uunganishaji, kana kwamba herufi zile ni nakshi. Kumbe ni hati: zinaorodhesha vipawa vya mfalme na vya dada yake, Kundavai. Kwingineko hekaluni wametajwa wanawake wachezaji wapatao 400, kila mmoja kwa jina lake na nyumba aliyopewa. Ua wa picha ni mtupu, ilhali kuta zimejaa watu.

Mwaka 1859 Gavana Charles Trevelyan aliisitisha kazi ya Tripe, akiiona kuwa anasa. Maandishi yenyewe yalianza kuchapishwa na Hultzsch mwaka 1891, nayo majina ya wanawake wale yakaanza kusomwa nje ya Thanjavur.