Ngazi, Punda na Waya: Jinsi Abiria wa Meli Wanavyofikishwa Mjini Santorini

Utangulizi

Neno gondola limesafiri sana. Kwa asili ni jina la mashua nyembamba ya mji wa Venice, Italia, inayoendeshwa na mpiga kasia mmoja aliyesimama nyuma. Baadaye neno hilo lilipanda angani. Likaitwa kapu linaloning'inia chini ya puto, kisha likaitwa kibanda kinachoning'inia kwenye waya wa chuma na kuwapandisha watu mlimani. Katika Kiswahili tunaweza kulichukua lilivyo na kuliweka katika ngeli ya I-ZI: gondola hii, gondola hizi.

Ziko bandari ambazo abiria wa meli za kitalii hushuka mashuani na papo hapo kupanda gondola ya aina hii ya pili ili wafike mjini. Mojawapo iliyo mashuhuri ni ile ya kisiwa cha Santorini, Ugiriki. Makala hii inasimulia historia ya njia hiyo. Swali tunalolifuata halihusu mitambo peke yake. Tunauliza: chombo kipya kinapokuja kufanya kazi iliyokuwa ikiwalisha watu, watu hao huishia wapi?

Bahari isiyoshikika kwa nanga

Santorini, ambayo jina lake rasmi ni Thira, imo katika Bahari ya Aegean. Yapata miaka 3,600 iliyopita volkano kubwa ililipuka hapo, sehemu ya katikati ya kisiwa ikazama na maji ya bahari yakaingia. Kilichobaki kinafanana na pete iliyovunjika. Ndani ya pete hiyo mna kasoko lililojaa maji, lenye urefu wa kilomita 12 hivi na upana wa kilomita 7. Kina chake mahali pengine kinakaribia mita 400. Kuzunguka maji hayo kumesimama magenge ya mwamba yanayofikia mita 300, na juu ya genge ndipo ulipojengwa mji mkuu, Fira. Chini yake, miguuni pa mwamba, ipo bandari ndogo ya zamani.

Umbile hilo la nchi ndilo lililozaa mambo yote tutakayoyaeleza. Maji ni ya kina kirefu mno kwa nanga, na chini ya Fira hakuna gati la kupokea meli kubwa. Meli hufungwa kwenye maboya machache, au hubaki zikielea huku mitambo yake ikizizuia zisisukumwe na upepo. Kwa hiyo abiria hupita katika mikono miwili kabla ya kufika mjini: kwanza mikono ya mwenye mashua, kisha mikono ya yule anayempandisha genge.

Bandari hiyo ya chini huitwa Skala. Kwa Kigiriki neno hilo maana yake ni ngazi, lakini katika pwani nyingi za Mediterania limechukua pia maana ya mahali pa kushukia kutoka chomboni. Waturuki nao huliita gati iskele, neno lenye asili hiyo hiyo. Katika bandari nyingine maana hizo mbili hutengana. Fira hazitengani, maana ukishuka chomboni hatua ya pili ni ngazi, na ngazi zenyewe ni 588 hadi mjini.

Hata jina Santorini lina historia yake. Baada ya Vita vya Msalaba vya mwaka 1204, visiwa vingi vya Aegean viliangukia mikononi mwa mabwana kutoka Venice, na ni katika zama hizo za utawala wa Kilatini ndipo kisiwa kilipoitwa kwa jina la Mtakatifu Irini. Wenyeji, hata hivyo, hawasemi gondola. Usafiri wao wa waya wanauita teleferik, neno walilolipata kutoka Kifaransa.

Enzi ya punda

Katika karne ya 19 Santorini ilikuwa na jahazi nyingi za biashara, na mvinyo wake uliuzwa hadi Urusi. Tena ilikuwa na bidhaa nyingine iliyotugusa hata sisi wa Afrika Mashariki bila wengi wetu kujua. Udongo wa volkano wa kisiwa hicho, ukichanganywa na chokaa, hutoa saruji inayoshika hata ndani ya maji. Udongo huo ulichimbwa kwa wingi kwa ajili ya ujenzi wa Mfereji wa Suez, uliofanyika kati ya mwaka 1859 na 1869. Ni mfereji huo uliofupisha njia ya meli za moshi kutoka Ulaya hadi Unguja na Mombasa.

Wakati wote huo njia ya kupanda Fira kutoka bandarini ilikuwa moja. Kilichotoka baharini kilipanda mgongoni, ama mgongo wa mnyama ama wa mtu. Wenye punda na baghala walikuwa watu wa lazima kama walivyokuwa mahamali katika bandari zetu. Kazi hiyo ilirithishwa, baba akimwachia mwana wanyama, zamu yake na nafasi yake pale chini.

Tarehe 9 Julai 1956 tetemeko kubwa la ardhi lilibomoa sehemu kubwa ya kisiwa. Watu zaidi ya 50 walifariki, na wengi walihama wasirudi. Kisiwa kilichokuwa kimeanza kudhoofika kikazidi kuwa maskini. Kilichokiinua tena ni watalii. Mwaka 1967 mwanaakiolojia Spyridon Marinatos alianza kufukua mji wa kale wa Akrotiri, uliofunikwa na majivu ya ule mlipuko wa zamani, na sifa zake zikaenea. Meli za kitalii zikaongezeka. Mnyama aliyebeba magunia sasa alimbeba mgeni, na mwenyewe akapata nauli badala ya ujira wa mzigo.

Waya na mapatano

Kati ya mwaka 1979 na 1982 yakaja mabadiliko makubwa. Wakfu wa Loula na Evangelos Nomikos, ulioanzishwa na familia ya mwenye meli aliyekuwa na asili ya kisiwa hicho, ulijenga usafiri wa waya kutoka bandarini hadi Fira, ukawa zawadi kwa kisiwa. Vibanda sita vilivyofuatana hupanda wakati vingine sita vinashuka. Kila kibanda huchukua watu sita. Kimo cha mita 220 hupandwa kwa dakika tatu hivi. Mzee asiyeweza ngazi, mtoto mchanga na mtu anayeogopa wanyama, wote waliweza sasa kufika mjini.

Msomaji wa historia anaweza kubashiri yaliyofuata: mwenye punda angepaswa kuuza wanyama wake na kuondoka. Ndivyo inavyokuwa mara nyingi. Tukumbuke bandari zetu wenyewe. Kabla ya magati ya maji marefu kujengwa Kilindini katika miaka ya 1920, na Dar es Salaam mwaka 1956, meli kubwa zilitia nanga mbali na ufuko. Mizigo ilishushwa kwa matishari na abiria kwa mashua. Meli iliposogea hadi gatini, abiria alishuka kwa miguu yake hadi nchi kavu, wala mpiga makasia hakuhitajika tena. Gati, kwa asili yake, humwondoa mtu wa kati.

Santorini mambo yalikwenda vingine. Ilipatanwa kwamba sehemu ya mapato ya waya wapewe wenye punda, kwa kuwa chombo kipya kilikuwa kimeingia katika riziki yao. Mgeni aliyepanda kibandani alimlipa pia, bila kujua, mtu aliyemkataa pale chini. Wenye punda nao hawakulazimika kuondoka. Waliendelea kusubiri kwenye ngazi, wakichukua waliotaka kupanda kwa njia ya zamani.

Na mwenye mashua je? Huyu hakuhitaji mapatano ya aina hiyo. Meli haiwezi kuifikia nchi kavu pale chini ya Fira, na kwa kawaida ni mashua za wenyeji, chini ya umoja wao, zinazowachukua abiria kutoka melini. Kwa maneno mengine, mwenye mashua alilindwa na kina cha bahari, na mwenye punda alilindwa na makubaliano ya watu. Kina cha bahari hakibadiliki kwa siku moja. Makubaliano hutegemea wanaoyaheshimu.

Thamani ya mashua hizo ilionekana tarehe 5 Aprili 2007. Meli ya kitalii iitwayo Sea Diamond iligonga mwamba ndani ya kasoko ikiwa na watu wapatao 1,600. Mashua za wenyeji zilikuwa miongoni mwa vyombo vilivyokimbilia kuwaokoa. Watu wawili, baba na binti yake kutoka Ufaransa, hawakupatikana. Siku iliyofuata meli ilizama.

Hesabu ya siku hizi

Waya ulijengwa kwa meli za wakati wake. Leo meli moja inaweza kuwa na abiria 3,000. Mkupuo mmoja wa vibanda sita unachukua watu 36, hivyo kuwapandisha wote kunahitaji mikupuo 84. Tukikadiria dakika 4 kwa kila mkupuo, tunapata zaidi ya saa tano na nusu, na hiyo ni meli moja tu. Jioni wote hao hutaka kushuka kabla meli haijaondoka. Kwa sababu hiyo foleni ya waya huwa ndefu, na wasioweza kungoja huteremka ngazi kwa miguu wakipishana na punda.

Mwaka 2023 abiria wa meli waliofika Santorini walikuwa takriban milioni 1.3. Wakazi wa kisiwa ni 15,000 na ushei. Manispaa iliweka kikomo cha abiria 8,000 wa meli kwa siku, na hata hivyo malalamiko hayakwisha. Tangu Julai 2025 kila abiria wa meli anayeshuka hapo katika msimu wa watalii wengi hutozwa euro 20.

Mnyama naye alipata wa kumsemea. Baada ya watetezi wa wanyama kulalamika kwamba punda wanabebeshwa watu wazito juani siku nzima, serikali ya Ugiriki ilitoa kanuni mwaka 2018: mzigo wa mnyama usizidi kilo 100, au sehemu moja ya tano ya uzito wake.

Hapo tunaona upungufu wa yale mapatano ya awali. Yalijibu vizuri swali la riziki ya mwenye punda, lakini wawili hawakuwapo mezani: punda mwenyewe, na mkazi wa Fira ambaye leo hawezi kupita katika mtaa wake saa za mchana. Wote wawili walisubiri muda mrefu kabla ya kusikilizwa.

Hitimisho

Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Historia ya Skala inatufundisha kuuliza ni mwenyeji yupi anayepona. Swali hilo limekwisha kufika karibu nasi. Mwaka 2019, serikali ya Tanzania ilipotangaza kwamba inafikiria kujenga usafiri wa waya katika Mlima Kilimanjaro, wapagazi na waongoza watalii walipinga, wakihofia kazi zao. Waliosema kwamba waya ungewasaidia wazee na wasio na muda walikuwa na hoja. Wapagazi nao walikuwa na hoja.

Santorini haitupi jibu kamili, lakini inatuonyesha kwamba mashine na mtu wa zamani si lazima mmoja amfukuze mwingine. Inawezekana kukaa chini kabla waya haujavutwa na kukubaliana nani atapata nini katika kila nauli. Ugumu ni kuhakikisha kwamba kila anayeguswa ameitwa kwenye kikao hicho, pamoja na wale wasioweza kujisemea.

Msamiati

Baghala: mnyama anayezaliwa na punda dume na farasi jike.
Boya: kitu kinachoelea majini ambacho chombo huweza kufungwa.
Genge: hapa, ukuta mrefu wa mwamba ulio wima.
Kasoko: shimo kubwa linaloachwa na mlipuko wa volkano.
Tishari: chombo cha kushushia mizigo kutoka meli iliyotia nanga mbali.
Wakfu: mali au taasisi iliyotolewa kwa manufaa ya watu.

Maswali ya mjadala

1. Eleza tofauti kati ya kinga ya mwenye mashua na kinga ya mwenye punda kama ilivyoelezwa katika makala.
2. Taja chombo au mtambo mmoja ulioingia katika eneo lako na kuchukua kazi ya watu. Je, walipewa sehemu yoyote ya mapato yake?
3. Neno gondola limebadilika maana mara kadhaa. Tafuta maneno mawili ya Kiswahili yaliyohama kutoka vyombo vya baharini hadi vyombo vya nchi kavu au vya angani.