Diski Zilizogoma Kufunguka Nachingwea

Mpango wa karanga wa Waingereza ulifutwa mwaka 1951, na reli iliyojengwa kwa ajili yake ikafungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Tangu hapo Nachingwea na Ruangwa, mkoani Lindi, zimeishi kwa barabara. Muziki na filamu navyo vilipanda basi: kaseti, kisha CD na DVD, hatimaye flashi na diski za nje. Mkongo wa intaneti wa SEACOM ulifika Dar es Salaam Julai 2009, lakini bando la kupakua filamu nzima liliendelea kuwa mzigo kwa mkulima. Fedha za korosho zikiingia baada ya minada ya chama kikuu cha ushirika cha RUNALI, watu hununua sabufa yenye tundu la flashi, na mwenye kompyuta hupata wateja wa kujaziwa nyimbo.

Hapo ndipo fundi wa diski alipopata kazi. Video ya harusi au ya mwali aliyetoka unyagoni mara nyingi ina nakala moja tu.

Kwa fundi anayetumia Linux, mfumo endeshi huria wa kompyuta, mwaka 2004 ulikuwa mkubwa. Ubuntu, mojawapo ya matoleo yake, ilitoka Oktoba, na mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ukishirikiana na IT+46 ya Uswidi, ulileta programu za ofisi za Jambo OpenOffice kwa Kiswahili. Diski zenyewe zilichelewa kupatana na mfumo huo. Kuandika bila hofu kwenye diski ya NTFS, mpangilio wa faili wa Windows, kuliwezekana programu ya NTFS-3G ilipokomaa mwaka 2007, na exFAT, mpangilio unaopendwa na kamera, iliingia rasmi ndani ya Linux 2020. Kwa miaka yote hiyo diski nzima kabisa iliweza kuonekana mbovu, ikafomatiwa bure. Huo ni msiba uliokuwa na kinga.

Fundi makini hakimbilii kufomati. Anachomeka diski, anafungua terminali, anaandika amri ya dmesg na kusoma ujumbe wa mfumo. Kusipotokea mstari wowote, anabadili waya au tundu. Diski ikitokea na kupotea, huenda umeme hautoshi: tundu la USB 2.0 huahidi miliampea 500 tu, na diski inayozunguka hutaka zaidi inapoanza. Waya wa vichwa viwili, au tundu la nyuma ya kompyuta, mara nyingi humaliza tatizo. Ikionekana kwenye orodha ya amri ya lsblk lakini haifunguki, pengine ilichomolewa Windows ikiwa haijazimika sawasawa. Irudishwe huko ikaguliwe, kisha Windows izimwe kabisa.

Diski ikigonga, au dmesg ikijaa makosa ya kusoma, majaribio yakome. Kinachofuata ni programu ya ddrescue, ambayo hunakili kwanza sehemu zilizo salama kwenda diski nyingine, ndipo irudi kwenye zile mbovu.

Wenye video za familia Ruangwa na Nachingwea, msikubali neno "ifomatiwe" kabla fundi hajajaribu kunakili. Na hiyo nakala ya pili, itengenezeni mwezi huu.